Maswali ya Wasomaji: Simba hukosa mara nyingi kuliko anavyopata

Tangu toleo lile lenye picha ya chui juu ya mgunga, maswali yanayoniijia ni ya wala nyama tu. Kwa msomaji mgeni: niliendesha wageni Serengeti, Ngorongoro na Manyara kwa miaka 27, na sasa nalima vitunguu Mang'ola. Majibu yangu ni ya mtu aliyekaa nyuma ya usukani akitazama. Palipohitaji kipimo, nimewategemea waliopima.

*Shikamoo Mzee. Kuna jedwali linazunguka kwenye simu: mbwa mwitu anafanikiwa mawindo 80 kati ya 100, duma 50, simba 25. Ni kweli mfalme wa nyika anapitwa na mbwa? (Kijana wa Kayole, Nairobi)*

Marahaba, mwanangu. Nami niliwahi kutengeneza jedwali langu. Mwaka 1994 nilinunua daftari la shule, nikalichora safu tatu: mnyama, alijaribu, alipata. Likakaa kwenye dashibodi pamoja na karanga. Wiki ya pili safu ya katikati ikanishinda.

Nikueleze asubuhi moja pale Seronera, katikati ya Serengeti. Majike watatu wamelala kando ya korongo. Wa kwanza anainua kichwa, anawaona pundamilia, anasimama, anapiga hatua kumi, anaketi na kupiga miayo. Je, huyo alijaribu? Wa pili anatambaa tumbo chini kwa dakika 40, bega limepita mgongo, mpaka nyumbu mmoja anakoroma kwa pua na kundi zima linageuka kumkodolea macho. Jike anasimama wima, anajitikisa vumbi, anaondoka kama mtu aliyekuwa akipita tu. Je, naye? Wa tatu anachomoka, anakimbia mita 30, anaachia. Huyo wa tatu kila mtu atamwandika. Lakini ukimwandika yeye peke yake, simba wanaonekana hodari; ukiwaandika wote watatu, wanaonekana hawafai kitu. Mnyama ni yuleyule na asubuhi ni ileile. Daftari nililimalizia kwa hesabu za mafuta ya gari.

Waliofanya kazi hiyo kwa utaratibu walianza kwa kukubaliana nini kinaitwa jaribio. George Schaller, aliyekaa Serengeti kuanzia 1966 hadi 1969, aliona simba akiwinda peke yake hupata takriban mara moja kati ya sita, na wakiwa wawili au zaidi hukaribia mara moja kati ya tatu. Kwa hiyo ile 25 ya jedwali lako haiko mbali. Mbwa mwitu nao, kwa hesabu za zamani za Afrika Mashariki, walifaulu zaidi ya nusu ya mawindo, mahali pengine hata zaidi ya 80 kati ya 100. Ila hapo wamehesabu kundi zima kuwa mwindaji mmoja. Baadaye watafiti wa Botswana waliwavisha mbwa kola zenye vipimo na kumfuata kila mmoja peke yake, wakakuta mbio za mbwa mmoja huzaa nyama kwenye mara 15 au 16 tu kati ya 100. Mbona basi hawalali njaa? Kwa sababu sita wanakimbia kwa wakati mmoja, kila mmoja na swala wake, na atakayepata anakula na wenzake. Jedwali lako limepima mahindi ya mmoja kwa debe na ya mwenzake kwa kibaba.

Kisha tazama ukubwa wa windo. Duma akiangusha swala tomi wa kilo 20, kesho anaanza upya. Simba wakiangusha nyati, siku tatu matumbo yako juu na inzi wanawatambaa machoni. Kuna mondo pia, yule paka mwenye masikio makubwa na miguu mirefu. Kreta ya Ngorongoro walihesabiwa miruko yao kwenye majani, karibu nusu ikawa na kitu mdomoni. Kitu chenyewe ni panya. Sasa niambie wewe, nani hodari?

*Mzee, nafundisha darasa la sita. Miaka 15 nimewaambia watoto kuwa simba dume ni mvivu, jike ndiye anayewinda. Mwaka huu mtoto mmoja akaniuliza: "Dume asiye na wake anakula nini?" Nilikosa jibu. (Mwalimu, Babati)*

Huyo mtoto mpe daftari jipya kwa gharama zangu. Ameuliza swali ambalo sisi madereva tulilikwepa miaka mingi.

Madume huanza kutoka kwenye kundi walilozaliwa wakiwa na miaka miwili mitatu hivi, na huzurura muda mrefu bila jike wa kuwawindia. Wangekuwa hawawindi, wangekwisha. Tatizo ni mahali tunapowatazama. Gari linapita tambarare, na tambarare ni kazi ya majike: miili myepesi, hakuna nywele za shingoni zinazoonekana kama kichaka kinachotembea. Utafiti uliochapishwa 2013 kutoka Kruger, Afrika Kusini, ulipima uoto kwa mwanga wa leza kutoka kwenye ndege, ukalinganisha na mahali simba walipoulia. Madume walionekana kuvizia ndani ya vichaka vizito, peke yao, na hawakuwa nyuma ya majike kwa kufaulu. Ndani ya kichaka, usiku, nani atawaona?

Majike nao kupangana kwao si hadithi. Etosha, Namibia, walifuatiliwa kwa miaka, ikaonekana kuna wanaozunguka pembeni na wanaosubiri katikati, na kila jike ana upande wake anaouzoea, kama mchezaji wa namba saba. Ila usiwasifie kupita kiasi. Schaller aliona simba hawajali upepo. Ananyatia huku harufu yake inamtangulia puani mwa nyumbu, ingawa kila anapokuwa upande mzuri wa upepo hupata zaidi. Hapa jirani zangu ni Wahadzabe, watu wa kuwinda, na hakuna mvulana wao wa miaka kumi anayeweza kufanya kosa hilo.

Kama unataka mfano wa ushirikiano utakaowakaa watoto kichwani, wape bweha. Bweha mmoja akimfuata mtoto wa swala, mama swala anamshukia kwa pembe na kumfukuza. Wakija mume na mke, mmoja anakimbizwa na mama, mwingine anambeba mtoto. Huko Ngorongoro, miaka ya 1960, mmoja alipata mara 16 kati ya 100, wawili mara 67. Hesabu hiyo watoto wanaweza kuichora ubaoni.

*Mzee, sisi huku Rufiji msimu wa mavuno tunalala dunguni kulinda mpunga na mahindi. Mume wangu anasema usiku wa kiza ndio wa simba. Mama mkwe anasema ni wakati wa mbalamwezi. Tumsikilize nani? (Mama wa watoto wanne, karibu na Ikwiriri)*

Mama, pole na kazi, na swali lako nimelipa nafasi kubwa kwa sababu haya mengine tunazungumza tukiwa tumekaa salama.

Wote wawili wana lao. Mume wako yuko sawa kuhusu kiza. Mama mkwe yuko sawa kuhusu mwezi, kwa sababu kiza kibaya kinakuja nyuma ya mwezi mpevu. Ngoja nikueleze. Siku mwezi unapokuwa mpevu, unachomoza jua linapozama, na usiku kucha kuna mwanga. Simba hapendi hivyo, windo linamwona. Analala na njaa usiku mmoja, miwili. Halafu kila siku inayofuata mwezi unachelewa kuchomoza kwa karibu saa nzima. Siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu au nne usiku ni giza totoro, simba ana njaa ya siku kadhaa, na sisi binadamu tuko nje bado: mmoja anaota moto, mwingine anakwenda kwa jirani, mtoto anatumwa maji. Craig Packer na wenzake walipochambua mashambulizi ya simba kwa watu hapa Tanzania, uchambuzi uliotoka 2011, mashambulizi mengi yaliangukia hapo: siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku.

Kabla ya hapo Packer na watafiti wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walikuwa wameandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba waliua Watanzania zaidi ya 563, wengi wakiwa mikoa ya kusini na mashariki. Na kiini walikiona ni nguruwe pori. Mahali ambapo pundamilia na nyumbu wamekwisha, nguruwe pori amebaki, anakuja kula shambani, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima amelala kwenye kibanda cha majani akimzuia huyohuyo nguruwe asile mazao. Ndiyo maana msimu wa mavuno unakuwa mbaya.

Watu wa Rufiji mnamkumbuka yule mliyempa jina la Osama. Aliua watu zaidi ya 30 kwa muda usiofika miaka miwili, mpaka akapigwa risasi Aprili 2004. Taya lake lilikuwa na jino bovu lenye jipu la usaha. Wengi wakashika hapo: simba akila mtu basi ni mgonjwa au mzee. Mama, usiishike sana hiyo. Simba wengi waliouawa baada ya kula watu walikuwa wazima, wenye meno yao yote. Mtu kwa simba ni windo jepesi, halina pembe wala mbio.

Kwa hiyo: dungu liwe refu, ngazi ivutwe juu, na kuta zake zifungwe kwa miti, si kwa makuti matupu. Fyekeni kulizunguka. Zile siku tano baada ya mwezi mpevu, haja zote zimalizwe kabla ya jua kuzama, na chombo cha haja ndogo kiwe juu huko huko. Mkiona nyayo, afisa wanyamapori wa wilaya aambiwe siku hiyohiyo. Muandike tarehe na saa mliyotoa taarifa, maana taarifa isiyoandikwa huwa haikutolewa.

*Fisi ni mwoga anayesubiri mabaki, na bibi yangu anasema ni huntha. Naomba uthibitishe. (Msomaji, Singida)*

Sithibitishi hata moja. Asubuhi kreta ya Ngorongoro mgeni anakuta simba wanakula, fisi wamezunguka kwa mbali, anapiga picha na kuandika "fisi wanasubiri mabaki". Hans Kruuk, aliyewafuata fisi kwenye miaka ya 1960, alikuwa macho usiku. Alikuta mara nyingi pale kreta fisi ndio walioua, simba wakasikia kelele za walaji, wakaja kunyang'anya. Wenye nyama ndio hao waliosimama pembeni na midomo yenye damu. Chakula chao kingi wanakiua wenyewe, na nyumbu wanamkimbiza kilomita kadhaa mpaka pumzi inamwishia, kwa sababu moyo wa fisi ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake.

Kuhusu la bibi, ameona kweli lakini amesoma vibaya. Jike la fisi lina maumbile ya nje yanayofanana na ya dume, hata kuzaa huzalia hapo, kwa taabu. Lakini ni jike kamili, na ndilo linalotawala ukoo. Dume wa mwisho kufika anakula mwisho. Msalimie bibi.

*Ni kweli duma akikimbia sana ubongo unachemka, ndiyo maana anaacha? (Baharia mstaafu, Mombasa)*

Nimewadanganya wageni hivyo miaka yote, Kapteni, na walinipa bakshishi. Asili yake ni jaribio la 1973 la kumkimbiza duma kwenye mashine ndani ya maabara. Joto la mwili lilipofika kama nyuzi 40 na nusu, akagoma. Baadaye duma wa Namibia waliwekewa vipimajoto ndani ya mwili, wakaachwa wawinde wenyewe. Joto halikupanda wakati wa mbio. Lilipanda baadaye, wakishapata nyama, pale wanapohema na kuangaza macho huku na huku. Waliopima wanadhani ni wasiwasi wa kunyang'anywa, nami naafiki, maana huo wasiwasi nimeuona sana: anang'ata mara mbili, anainua kichwa, anang'ata, anainua kichwa.

Mbio zenyewe ni sekunde chache. Duma wa Botswana waliovishwa kola walifika kilomita 93 kwa saa, lakini mbio nyingi zilikwenda kama nusu tu ya hapo. Mwendo haumsaidii duma pale swala anapokata kona. Kinachomlisha duma ni kupunguza mwendo ghafla, mkia ukizungushwa kama usukani wa ngalawa, kisha ule ukucha wa juu kidogo ya kiganja unaomkwaza swala mguu wa nyuma. Anaachia akiona hesabu imekataa.

*Shikamoo Mzee. Nina miaka miwili kwenye kazi ya udereva wa watalii. Wageni wananisukuma nisogee karibu na duma anapowinda. Nikikataa wanalalamika ofisini. Wewe ulifanyaje? (Dereva, Arusha)*

Marahaba. Nilisogea. Nikuambie ilivyokuwa.

Februari moja, Ndutu, ambako kutoka barabarani kuliruhusiwa. Duma jike mwenye watoto watatu amewaficha kwenye majani, anamnyatia swala tomi aliyejitenga. Magari yalikuwa 14, sote tumezima injini, tumekaa vizuri nyuma yake. Mgeni wangu alikuwa na lenzi ndefu kama bomba la maji na jua lilikuwa likimwingia usoni. Akanigusa bega. Duma alikuwa ameinamisha kichwa, amebakiza kama mita 50. Nikawasha, nikasogea mbele kidogo nimpatie upande wa jua. Tairi likavunja kijiti.

Swala hakumwona duma. Aliniona mimi. Aligeuza masikio, kisha akageuza shingo kufuata gari, na katikati ya kugeuza macho yake yakapita palepale alipokuwa duma. Akaondoka. Duma hakukimbia hata hatua moja. Aliketi. Watoto wakatoka majanini wakilia ile sauti yao kama ndege, wakamfikia, wakaanza kumnusa mdomo kutafuta harufu ya nyama. Redioni mwenzangu mmoja akasema neno moja kwa Kimaasai ambalo mhariri hataliweka. Mgeni aliipenda sana picha ya mama na wanawe. Alinipa dola 100, nikalipia ada ya mwanangu wa kwanza.

Utafiti wa Maasai Mara uliotoka 2018 uliwahesabu watoto waliofikia kujitegemea. Kwenye maeneo yenye watalii wengi majike walikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa uzao, kwenye watalii wachache 2.3. Mimi niko ndani ya ile 0.2.

Cha kufanya: ongea na wageni asubuhi wakiwa bado wanakunywa chai, si duma akiwa ameshainama. Waambie utachagua mahali mara moja, pembeni, mbali na upande anakotazama, na hapo injini inazimwa mpaka aue au aache. Ukiwaambia mapema wanajiona wamo kwenye siri yako. Wakilalamika ofisini, walalamike. Ofisi iliyokufukuza kwa hilo, mwenye gari mwingine atakuchukua.

*Babu, paka wetu anaitwa Simba. Je, anawinda vizuri kuliko simba wa kweli? (Msomaji wa miaka 9, Moshi)*

Inawezekana kabisa, mjukuu wangu. Kusini mwa Afrika yuko paka wa porini mwenye nyayo nyeusi, mdogo kuliko paka wenu. Jike lake halifiki kilo mbili. Anapata mara 60 kati ya 100, na kwa usiku mmoja anakamata vinyama na vindege zaidi ya kumi. Simba wa Serengeti akisikia hivyo atajificha.

Kumjua huyo wenu, chukua daftari. Kila akiruka, weka mstari. Akishika, uzungushie duara. Lakini kwanza amua kuruka ni nini: akitikisa makalio tu halafu akaacha, unaandika au huandiki? Mimi ndipo niliposhindwa. Na mama asimpe dagaa jioni hiyo, hesabu itaharibika.